Nakala Mfukoni mwa Jitu

Mwalimu wetu wa kompyuta wa darasa la jioni alituambia siku moja kwamba ipo mashine kubwa inayobeba mashine nyingi tumboni mwake, na kila moja humo ndani hujiona ni mashine kamili, yenye nguvu zake na kumbukumbu zake, wala haijui kama imebebwa. Tulicheka. Sikujua kwamba ipo nchi nzima inayoishi hivyo, na kwamba nitakuja kukaa huko na mwanangu Hidaya mgongoni. Nilivyofika si kitu cha kuwachosha wasomaji. Aliyewahi kulala na mtoto anayeota meno anajua kuwa mtu anaweza kufika popote.

Nchi inaitwa Himili, na imekaa mgongoni mwa jitu. Sisemi kwa mafumbo. Ni mgongo wenye ngozi na vinyweleo, una mabega mawili na shingo iliyoinama, na nyumba zimejipanga juu yake kutoka kisogoni mpaka kiunoni. Jitu lenyewe limesimama tangu zamani ambazo hakuna anayezikumbuka. Magoti yanalitetemeka. Ukiweka bakuli la uji chini, uji unacheza wenyewe.

Sheria ya kwanza ya Himili inakataza mtu kusema kwamba nchi imebebwa. Ngozi huitwa ardhi. Pumzi ya jitu huitwa upepo. Likikohoa, redio hutangaza mabadiliko ya hali ya hewa. Siku chache kabla sijafika, mama mmoja muuza bamia alisema sokoni, "Leo jitu limechoka," akakamatwa na kupelekwa kusoma jiografia. Nilipouliza atatoka lini, niliambiwa atatoka akielewa.

Halafu kuna visima. Kila nyumba imepewa kisima kizima, chake peke yake, na serikali imeapa hadharani kwamba ni chake peke yake. Kumbe visima vyote vinateremka kwenye mshipa mmoja wa jitu lilelile. Asubuhi watu wote wakitaka kuoga kwa pamoja, maji hayatoki kwa yeyote, na maafisa hupita mlango kwa mlango wakiwatuliza watu.

"Kisima chako kipo, mama. Kinafikiri tu."

Na watu wanasubiri kisima kimalize kufikiri.

Nilipokelewa na mwanamke mmoja mshonaji, jina lake Siwatu, mkubwa kwangu kwa umri, mcheshi, mwenye nyumba ndogo karibu na bega la kushoto. Usiku wa kwanza tulipokuwa tunapika, nilisikia sauti ya mtu mzima ikitoka kwenye ukuta wa jikoni.

"Siwatu! Chumvi!"

Nusura niangushe mwiko. Siwatu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Usiogope, Mama Hidaya. Ni mama yangu. Alifariki, Mungu amrehemu, lakini hajanyamaza."

Akanieleza kwamba nyumba za Himili ndivyo zilivyo. Maneno yanayosemwa humo kwa miaka mingi huingia ukutani na kubaki, kama moshi unavyobaki kwenye paa la jiko. Mama yake alikuwa amesema "chumvi" mara nyingi kuliko alivyosema jina la Mungu. Ukuta ulijua pia mengine: jinsi ya kukuna nazi bila kuichosha, wimbo wa kumlaza mtoto ulio na ubeti mmoja tu kwa sababu mwimbaji alikuwa akisinzia kabla ya mtoto, na ile sauti ya kuvuta pumzi aliyoitoa kila alipokaa.

"Na tui hilo mbona jepesi?" ukuta ukasema.

"Hana adabu kwa wageni," akasema Siwatu, lakini aliupapasa ukuta kwa kiganja kama mtu anayempapasa mtu.

Nilifika wakati nchi ina shughuli kubwa. Jitu lilikuwa limezeeka na Baraza lilikuwa limeagiza jingine, kijana, mwenye magoti imara. Hilo jipya lilikuwa limeketi nje ya mpaka kwa muda mrefu kiasi kwamba ndege walikuwa wamelijengea viota masikioni. Shughuli yenyewe iliitwa Uboreshaji wa Ardhi.

Baraza lilikuwa na kambi mbili. Kambi ya Wasiguse ilisema kwamba kitu kinachosimama hakiulizwi miguu. Kambi ya Waguse ilitaka jitu jipya kwa hoja kwamba ni jipya. Nilihudhuria mjadala wao mmoja. Mzungumzaji wa Waguse alisema nchi jirani wanalo. Mzungumzaji wa Wasiguse akauliza wanalifanyia nini. Yule wa kwanza akajibu kwamba hilo ni swali la uchochezi. Wakanywa chai. Baada ya chai walipiga kura kuhusu rangi ya mahema ya sherehe, na hapo kambi zote mbili zilikuwa na watu waliosoma mambo hayo kwa kina.

Hatimaye Waguse walishinda, kwa sababu magoti yalitetemeka siku ya kura na Wasiguse wawili wakaanguka kutoka vitini.

Mpango ulitangazwa na Waziri wa Uthabiti, Mheshimiwa Kiraho, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Siku ya sherehe, saa sita mchana, ardhi ya zamani ingelazwa chini. Nyumba za Himili haziwezi kukaa bila mgongo. Jitu likilala, nyumba husinyaa na kuisha kama povu la sabuni. Lakini wananchi wasiwe na hofu, alisema Waziri. Ardhi mpya ingeinuliwa, kisha nyumba zote zingerudishwa kutoka kwenye nakala.

Nakala ya nyumba ni kitu kama andazi kavu. Ukiimwagia maji inaumuka, inapanda, inakuwa nyumba nzima na vyombo vyake. Kila juma Wanakili wa serikali walipita mitaani na ngoma, wakasimama mlangoni pa kila nyumba, wakapiga ngoma, wakainua taa ya kijani juu, na watu wakapiga makofi. Taa ya kijani maana yake nakala ya juma hilo imekamilika.

"Huwa wanaingia ndani wakati gani?" nilimuuliza Siwatu walipopita kwake.

"Ndani? Waingie kufanya nini?"

"Wanakilije nyumba bila kuingia?"

Alifikiri kidogo. "Sijui. Taa inawaka."

Nilikwenda kumuuliza mwenye taa. Alikuwa kijana mstaarabu, akanijibu kwa heshima zote: kazi yake ni kuwasha taa, na hajawahi hata siku moja kushindwa kuiwasha.

Na je, kuna aliyewahi kuilowesha nakala, aone kama inaumuka kweli? Hapo nilikuwa nimegusa sheria ya pili. Kulowesha nakala ni kosa kubwa, kwa sababu anayelowesha anaonyesha kwamba haamini, na nchi isiyoaminiana haiwezi kusimama.

Jioni ile niliketi barazani kwa Siwatu nikambadilishia Hidaya mbeleko, maana ile ya kwanza alikuwa ameiharibu. Nikamtandia mpya juu ya ile chafu, nikafunga fundo, nikalivuta mara mbili, nikajitikisa nione kama limeshika. Kisha ndipo nikaifungua ya chini na kuichomoa.

Siwatu alikuwa amesimamisha sindano hewani.

"Kwa nini usifungue kwanza ile chafu?"

"Nikifungua kwanza, dada, mtoto atakaa wapi?"

Alirudi kushona, lakini nilimwona akishona mstari mmoja mara mbili.

Kabla ya sherehe palikuwa na Kikao cha Kuwatoa Wananchi Hofu. Siwatu alinibembeleza tufuatane. Ukumbi ulijaa. Mbele alikaa Mheshimiwa Kiraho, na pembeni yake Mtunza Nakala Mkuu, Bwana Fumbwe, mwembamba, mwenye kitambaa cha kufutia jasho. Siwatu alisimama.

"Mheshimiwa, mimi ni mshonaji tu, nina swali dogo. Hizo nakala zinakaa wapi?"

"Mahali salama kuliko pote nchini," akajibu Bwana Fumbwe.

"Wapi huko?"

"Mfukoni."

"Mfuko wa nani, bwana wangu?"

"Wa ardhi."

"Ardhi ipi?"

"Hii hapa," akasema Bwana Fumbwe, akikanyaga sakafu kwa fahari, na ukumbi ukapiga makofi.

Siwatu alingoja makofi yaishe. "Hii inayokwenda kulazwa?"

"Ndiyo."

"Ikishalazwa inapelekwa wapi?"

"Inatupwa korongoni, dada yangu. Si imezeeka?"

"Pamoja na mfuko wake?"

Bwana Fumbwe alimtazama Waziri. Waziri alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto anayeuliza jua linalala wapi. "Mama yangu," akasema, "suala la mfuko liko kwenye hatua ya tatu ya mpango. Tuko hatua ya kwanza. Tusirukeruke."

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Mshonaji kakae ushone!" Siwatu hakukaa.

"Nyumba yangu ina mama yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua, na labda kwa sababu hiyo watu wakainama mbele kumsikia. "Najua kila mtu hapa ana wake ukutani. Nataka niione nakala yangu tu. Niishike."

Waziri aliona hapo nafasi ya picha nzuri. Akaagiza nakala ya nyumba ya Siwatu iletwe. Ililetwa juu ya mto wa hariri, andazi la kijivu lenye mhuri. Siwatu aliishika kwa mikono miwili, akainusa, akanipa na mimi niinuse. Nilikuwa nimempakata Hidaya mapajani. Alikuwa ametoka kunyonya, na kwa sababu ya joto la ukumbi sikuwa nimemfunga nepi.

Mtoto hajui sheria ya pili.

Nilisikia uvuguvugu, nikasema "Ewe!", nikainua mikono, lakini nakala ilikuwa imeshalowa. Ikaanza kuvimba. Niliitupa sakafuni nikakimbia na mwanangu. Ukuta ukachomoza, ukamsukuma Bwana Fumbwe kutoka kitini. Paa likapanda mpaka likagonga dari. Mheshimiwa Kiraho alijikuta amekaa barazani kwa Siwatu, mguu mmoja ndani ya ndoo. Katikati ya ukumbi wa Baraza palikuwa na nyumba nzima.

Siwatu aliingia ndani mbio. Mimi nikamfuata.

Ilikuwa nyumba yake, na haikuwa nyumba yake. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na gauni la msichana mdogo. Cherehani haikuwapo. Palikuwa na kitanda kidogo ambacho Siwatu alisema kiligeuzwa kuni alipovunja ungo. Alikwenda jikoni akauwekea ukuta sikio. Alikaa hivyo. Kisha akauwekea sikio la pili.

"Hayumo," akasema.

"Ngoja kidogo, dada."

"Hayumo, mdogo wangu. Nyumba hii ni ya wakati nikiwa mtoto. Mama alikuwa bado anaongea na watu. Ukuta ulikuwa haujajifunza."

Nje, Bwana Fumbwe alikuwa anahojiwa na umati. Alieleza bila aibu, maana kwake hapakuwa na aibu. Kunakili nyumba yenyewe ni usumbufu: wenyewe wanapika, watoto wanakimbia, vitu vinasogea. Kwa hiyo Ofisi hunakili nakala ya juma lililopita. Ile imetulia. Tena imeshapigwa mhuri.

"Na ile ya juma lililopita mliinakili wapi?" mtu akauliza.

"Kwenye ya juma la nyuma yake."

"Na ile ya kwanza kabisa?"

"Aliifanya mtangulizi wa mtangulizi wangu. Alikuwa mtu makini sana."

Kelele zilizofuata sitazielezea. Waziri alizituliza kwa kuunda kamati, na kamati ikaanza kazi palepale. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mkojo wa mtoto ni maji kisheria. Wengine walisema ni maji, hivyo mtoto ana kosa. Wengine walisema si maji, hivyo nyumba iliyoumuka haijaumuka, na wajumbe wakaombwa kuizunguka wanapotoka. Kuhusu sherehe ya kesho yake, hakuna lililobadilika. Mahema yalikuwa yameshasimamishwa.

Siwatu hakungoja uamuzi. Alinishika mkono tukatoka. Asubuhi yake, nilipoamka, alikuwa ameshakwenda mpakani na kurudi, na lile jitu kijana lilikuwa limesimama ubavu kwa ubavu na jitu la zamani, bega kwa bega, ndege wakilizunguka kichwa kwa hasira. Nilimuuliza alilishawishije.

"Nimeliambia, 'Mwanangu, simama hapa.' Likasimama. Hakuna aliyekuwa amewahi kuliomba."

Alikuwa amewasha moto jikoni na kuteleka chungu cha kunde. Majirani walikuwa wameleta kamba na magogo ya kuviringishia. Ndipo Mheshimiwa Kiraho alipofika na askari wake, anahema.

"Simamisheni! Mama, unafanya nini?"

"Nahama, Mheshimiwa. Nahamia kiwanja cha jirani."

"Huwezi kuhama!"

"Sheria gani inanikataza kuhama kiwanja hadi kiwanja? Hii ni ardhi. Na ile ni ardhi. Si ndivyo tunavyofundishwa?"

"Lakini huko ni kutoka mgongo mmoja kwenda mgo..."

Waziri alijishika mdomo. Alikuwa amechelewa. Askari wake wawili walitazamana, kwa sababu waliapa kumkamata yeyote atakayesema neno hilo, na kiapo hakikutaja vyeo. Mmoja alikohoa. "Mheshimiwa," akasema kwa huruma, "tukupeleke jiografia sasa hivi, au baada ya sherehe?"

Waziri akapisha njia. Nyumba ikaanza kuviringishwa.

Tuliisukuma polepole, moto ukiwa jikoni, kunde zikitokota. Nilikuwa ndani na Siwatu, mkono wake ukutani. Ukuta ulikuwa unaongea kama kawaida, ukilalamikia vitunguu. Tulipofika kwenye ufa kati ya mabega mawili, nusu ya nyumba ikiwa huku na nusu kule, ukuta ukanyamaza.

Watu wa nje waliacha kusukuma. Siwatu hakuniangalia. Alikuwa anajiuma midomo. Hidaya alijigeuza mgongoni kwangu na nikamgusa mguu, nipate kitu cha kugusa.

"Sukumeni," Siwatu akasema. "Kati si mahali pa kukaa."

Wakasukuma. Sakafu ikainuka, ikashuka, ikatulia juu ya bega jipya, na uji wa Hidaya kwenye bakuli haukucheza hata kidogo. Ukuta bado kimya. Chungu kilikuwa kinachemka peke yake. Siwatu alichota mchuzi kwa mwiko, akauonja.

"Mbona mnatikisa nyumba na mimi nimekaa?" ukasema ukuta. "Na chumvi, Siwatu! Chumvi!"

Siwatu alikaa chini sakafuni, mwiko mkononi, akalia kama mtoto, na mama yake akamwambia asilie karibu na chungu.

Mpaka saa sita mchana, saa ya sherehe, nyumba zote za Himili zilikuwa zimevuka kwa njia hiyohiyo, ya Mheshimiwa Kiraho ikiwemo, na kwenye ukuta wake wa sebuleni tulimsikia bibi mmoja akimwita "Kikojozi" kwa mapenzi. Wale waliokuwa wakimcheka Siwatu ukumbini walivuka wakiwa wamebeba magogo yake. Jitu la zamani lilipobaki tupu liliketi, kwa mara ya kwanza, likajisugua magoti na kutoa sauti ambayo redio iliitangaza kuwa ngurumo za mbali.

Siku iliyofuata serikali ilitoa taarifa. Uboreshaji wa Ardhi umefanikiwa kwa asilimia mia, shukrani kwa taa ya kijani. Nakala zote zimehamishiwa mfukoni mwa ardhi mpya, mahali salama zaidi kuliko mahali salama kuliko pote. Na kwa kutambua mchango wa uloweshaji katika usalama wa taifa, kimeanzishwa cheo cha Mloweshaji Mkuu, atakayelowesha nakala moja kila mwaka mbele ya Baraza. Nilidhani watamfikiria Hidaya. Aliteuliwa shemeji wa Waziri, mtu mzima mwenye ndevu, naye aliomba muda wa kujiandaa.

Siwatu alinisindikiza na kibaba cha kunde. "Kwenu huko," akaniuliza, "kuta zinashika maneno?"

Nikamwambia hazishiki.

"Basi yarudierudie," akasema. "Huenda mtoto akashika."

Nimerudi darasa la jioni, na Hidaya mgongoni kama kawaida. Juzi mwalimu alitutangazia kwamba Jumamosi, ile mashine kubwa inayobeba kazi zetu zote itawekewa mfumo mpya. Kazi za mwaka mzima zimo humo, za wanafunzi waliosoma baada ya kutwa nzima ya kufua, kuuza na kunyonyesha. Akauliza kama kuna mwenye swali. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, nakala zake ziko wapi? Na kuna mtu amewahi kufungua hata moja?"

Darasa likacheka. Mwalimu akatabasamu kwa upole. Nikalijua tabasamu lile.

"Mama Hidaya, usiwe na wasiwasi," akasema. "Taa ni ya kijani."

Nikainuka, nikasogea mpaka mbele ya meza yake, Hidaya akiwa ametoka kunyonya, nikaanza kulegeza fundo la mbeleko.